Kufuli Ngumu za Nje na Mafuta Yanayozifaa



Msimu unapokaribia kila mwenye mikarafuu hutazama majamvi yake, huhesabu magunia yake, hutafuta wachumaji na kuwatayarishia kambi. Kitu kimoja husahauliwa mpaka siku ya haja, nacho ni kufuli ya ghala. Imening'inia mlangoni tangu msimu uliopita, imenyeshewa masika yote, imepigwa na upepo wa bahari, na siku ya kwanza inapotakiwa, ufunguo hauingii, au waingia lakini haugeuki. Wanachama kadha wa kadha wametuuliza ni mafuta gani yafaayo kutiwa katika kufuli za nje na vitasa vya milango, kwani siku hizi madukani kuna mikebe mingi ya kupuliza, yenye rangi na majina mbali mbali, na muuzaji aghlabu atakuambia yote ni mamoja. Si mamoja. Mkebe mmoja huosha, mwingine hulainisha, mwingine hushika maji yasiingie, na ukitia uliokusudiwa kazi nyingine, kufuli itafunguka leo na kukutesa mwezi ujao.

Hwenda wengine wakasema jambo hili ni dogo, halistahili kurasa za gazeti letu. Lakini fikirini. Mtu aliyesumbuliwa na kufuli mara mbili tatu huanza kuiacha imetundikwa tu bila ya kufungwa, ili ionekane. Mlinzi ajua, wachumaji wajua, na haipiti muda hujua hata yule asiyetakiwa kujua. Karafuu kavu ni fedha iliyomo katika gunia, na gunia likishachukuliwa usiku, karafuu zake hazina alama ya mwenyewe. Tena liko la mvua. Karafuu zimeanikwa, saa kumi za alasiri wingu limetanda, watu wote wakunja majamvi mbio mbio, na mwenye ufunguo yuko mlangoni anahangaika na kufuli. Karafuu iliyokauka nusu ikilowa kisha ikarundikwa hutia joto, hupoteza rangi, na daraja lake hushuka kabla haijafika kituoni. Wakati kama huo hapana anayekumbuka mafuta. Hutafutwa shoka, tumbuu ikang'olewa, na ghala likalala wazi usiku ule.

NDANI YA KUFULI MNA NINI

Kufuli nyingi tunazotumia, na vitasa vingi vya milango ya sasa, ni vya mtindo uliotengenezwa na Mmarekani mmoja, Linus Yale mtoto, katika miaka ya 1860. Ndani ya kufuli mna bomba dogo linalozunguka, na juu ya bomba hilo mna safu ya vijiti vidogo, vinne, vitano au sita. Kila kijiti kimekatika vipande viwili, na juu yake kina springi nyembamba inayokisukuma kishuke. Meno ya ufunguo hunyanyua kila kijiti kwa kipimo chake, ile mikato yote ikawa katika mstari mmoja, ndipo bomba linapogeuka. Kijiti kimoja tu kikikwama, hata kwa unene wa karatasi, bomba haligeuki, na wewe utadhani kufuli nzima imekufa.

Kwa maelezo hayo mtafahamu mambo mawili. Nafasi baina ya vijiti na matundu yake ni ndogo mno, kwa hiyo mafuta mazito hayana mahali pa kukaa humo. Tena zile springi hazina nguvu. Kijiti kikinasa katika uto mzito, springi haiwezi kukirudisha.

Adui wa kwanza wa kufuli zetu ni chumvi. Katika visiwa hivi hapana shamba lililo mbali na bahari, na upepo huchukua chumvi mpaka juu ya vilima. Chumvi hiyo huvuta maji yaliyomo hewani, kama mnavyoona chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika ingawa haikutiwa maji. Ikishaingia kufulini hukaa na unyevu wake hata siku za jua. Shaba hutoa ukungu wa kijani, na chuma hupata kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma chenyewe kilicholiwa, ndiyo maana ule upinde wa juu wa kufuli hubana katika tundu lake hata ukiuvuta kwa mikono miwili hautoki.

Adui wa pili twampeleka sisi wenyewe. Ufunguo hukaa mfukoni pamoja na mchanga na vumbi la karafuu, au hushikwa kwa mkono uliotoka kuchambua, nao una utomvu. Kila ufunguo unapoingia huacha kidogo ndani. Mtu akitia na mafuta juu ya hayo, amekanda unga.

JE, UGONJWA NI WA KUFULI?

Kabla hujanunua mkebe wo wote, jua kwanza kama kufuli ndiyo yenye maradhi. Kwa kitasa cha mlango, fungua mlango, uushike wazi, kisha ugeuze ufunguo. Ukigeuka vizuri mlango ukiwa wazi, na kukataa mlango ukiwa umefungwa, basi kitasa ni kizima. Ubao umevimba kwa mvua, au bawaba zimelegea mlango ukashuka, na ulimi wa kitasa hauoni tena tundu lake. Hapo hata ukimimina pipa la mafuta hutapata kitu. Mwite seremala, au kaza misumari ya bawaba, au tanua tundu kwa tupa. Twakisia kuwa nusu ya vitasa vinavyolaumiwa wakati wa masika havina kosa. Kosa ni la mlango.

Kwa kufuli ya kutundika, jaribu kuifunga na kuifungua ikiwa mkononi, si katika tumbuu. Ikiwa mkononi yafunguka na mlangoni haifunguki, mlango unavuta mnyororo au pete, na ule upinde umebanwa. Sukuma mlango kwa goti huku ukigeuza ufunguo, utaona.

Tena utazame ufunguo wenyewe. Ufunguo uliochongwa kwa kufuata ufunguo mwingine uliochongwa, ambao nao ulifuata mwingine, hupungua kipimo kila mara. Ukiwa bado unao ule wa asili uliokuja na kufuli, jaribu huo. Ukifungua kwa wepesi, mpelekee fundi huo wa asili akuchongee mpya, na ule mbovu uutupe, usimpe mtoto akauchanganya na mingine.

MAFUTA YALIYOMO NYUMBANI

Mtu akikwama hutia kilicho karibu, nasi hatumlaumu. Lakini yafaa ajue alichotia.

Mafuta ya nazi hufungua kufuli siku ile ile, na kwa hiyo yana sifa kubwa kuliko kazi yake. Mafuta haya huganda ubaridi unaposhuka chini ya digri 24 hivi za Sentigredi. Kila mtu ameyaona yakiwa meupe ndani ya chupa asubuhi za kipupwe. Yakiganda hivyo katika chupa hapana dhara, huwekwa juani. Yakiganda katika matundu ya vijiti, kufuli iliyofunguka jana mchana itakataa leo alfajiri. Isitoshe, yakikaa huchacha na kunata, na vumbi lote lipitalo hushika. Mafuta mengine ya kupikia hunata upesi zaidi kuliko ya nazi.

Mafuta ya taa si mafuta ya kulainisha hata kidogo. Ni ya kuoshea. Huyeyusha uto wa zamani na kuutoa, na kwa kazi hiyo yafaa, lakini yakishakauka hayaachi kitu cha maana cha kuzuia chuma kusuguana na chuma. Aliyeosha kwa mafuta ya taa akaishia hapo, ameivua kufuli nguo akaiacha mvuani.

Oili chafu ya gari, ile iliyokwisha kutumika, tunaikataza kabisa. Ina masizi na chembe za chuma kilicholika ndani ya injini, nazo husaga vijiti kama msasa. Zaidi ya hayo hudondoka chini ya mlango, pale pale tunapopitisha magunia.

Grisi ni kitu kizuri mahali pake, nako ni kwenye bawaba, komeo za chuma na ule ulimi wa kitasa unaotoka na kuingia. Ndani ya tundu la ufunguo isitiwe. Tumekwisha kusema kuwa springi hazina nguvu ya kusukuma kitu kizito.

Katika vilivyomo nyumbani, kilicho bora ni mafuta ya cherehani. Ni mepesi, ni safi, hayagandi kwa baridi ya kwetu. Tone moja au mawili yatosha. Kasoro yake ni kwamba hushika vumbi, kwa hiyo aliyeyachagua hana budi kuosha na kutia upya mara nyingi kuliko mwenye mkebe tutakaoutaja. Lakini shamba lililo mbali na duka, mwenye chupa ndogo ya mafuta ya cherehani na kitambaa safi hana la kulalamikia.

MIKEBE YA KUPULIZA

Mkebe unaojulikana zaidi ni ule wa buluu na manjano uitwao WD-40. Watu wengi huudhani kuwa ni mafuta ya kulainisha kila kitu, na inafaa tueleze asili yake. Ulitengenezwa mwaka 1953 katika mji wa San Diego, California, na kampuni ya Rocket Chemical Company, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukinga makombora ya Atlas yasipate kutu. Herufi zake mbili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, na 40 ni kwa sababu jaribio la arubaini ndilo lililofaulu. Jina lenyewe basi lasema kazi yake: kufukuza maji. Sehemu kubwa ya kilichomo ni kimiminika chepesi kinachopenya, kikayeyusha uto na kulegeza kutu, kisha kikaruka hewani. Kinachobaki ni utando mwembamba wa mafuta mepesi usiodumu muda mrefu kwenye mvua na chumvi.

Hatusemi kuwa ni kibaya. Kufuli iliyolowa maji ya mvua au ya bahari, au iliyokwama kwa uto wa zamani, dawa yake ya kwanza ni hiyo, au nyingine ya jinsi hiyo. Lakini ni dawa ya kwanza, si ya mwisho. Mtu akipuliza leo, kufuli ikalainika, akaenda zake akadhani amemaliza, wiki chache baadaye itamrudia, naye atapuliza tena, na kila mara atakuwa akiosha hata kile kidogo kilichokuwa kikilainisha. Jihadharini pia na majina. Kampuni ile ile huuza mikebe mingine yenye jina hilo hilo kubwa na maneno mengine madogo chini yake, na humo mna vitu vingine kabisa. Basi soma maneno madogo, au mwambie kijana akusomee.

Maneno madogo ya kutafuta ni herufi nne: PTFE. Hiki ni kitu kilichogunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett, mtaalamu wa kampuni ya DuPont huko Marekani, na wengi wakijua kwa jina la Teflon, kwani ndicho kinachopakwa katika vikaango visivyoshika chakula. Katika mkebe huwa kimechanganywa na kimiminika kinachoruka upesi. Ukipuliza utaona maji maji. Baada ya dakika chache yamekauka, na kilichobaki ni utando mkavu, mwembamba, wa kuteleza. Kwa kuwa ni mkavu haushiki vumbi, na maji hayauyeyushi. Kwa kufuli za nje na vitasa vya mtindo wa vijiti, hiki ndicho tunachokipendelea kuliko vyote. Iko mikebe iliyoandikwa kuwa ni ya kufuli hasa, na mingi katika hiyo ina PTFE ndani yake pamoja na mafuta kidogo ya kuzuia kutu. Hiyo nayo ni mizuri, na kwa shamba la karibu na pwani hwenda ikawa mizuri zaidi.

Grafaiti ni ule unga mweusi wa jinsi ya risasi ya penseli. Wazee wetu mafundi waliusifu, nao walikuwa na haki, kwa kuwa ni mkavu na wateleza. Kwa kitasa cha mlango wa ndani, kabati au sanduku, ni kitu kizuri, na asiye nao aweza kusugua penseli laini juu ya meno ya ufunguo, akauingiza na kuutoa mara kadhaa. Lakini kwa kufuli ya nje ya mwambao hatuupendekezi. Pasueni betri kuukuu ya tochi, ya yale makubwa ya kawaida, mtaona katikati kijiti cheusi, na pembeni mkebe wa zinki ulioliwa ukatoboka. Kile kijiti ni ndugu wa grafaiti. Unga huo ukikutana na maji ya chumvi na madini mengine ndani ya kufuli, hufanya betri ndogo, na kinacholiwa si unga bali ni kufuli. Pahala pakavu, grafaiti. Pahala pa mvua na chumvi, PTFE.

Na mtu asichanganye. Unga wa grafaiti juu ya mafuta hugeuka tope zito jeusi, na tope hilo ni gumu kulitoa kuliko uto wa nazi. Ukitaka kubadilisha dawa, osha kwanza.

Silikoni hufukuza maji vizuri na haidhuru mpira wala plastiki. Yafaa kwenye madirisha ya kuteleza na mipira ya milango, na kufuli ikitiwa si vibaya, ila kwa kufuli hatuoni kuwa yashinda PTFE. Iangalieni kwa jambo moja: ubao uliorukiwa na silikoni haukubali rangi. Mwenye nia ya kupaka mlango wake apake kwanza.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Tufanye kufuli ni ya shaba, ufunguo waingia kwa shida na kugeuka kwa shida zaidi. Itoe mlangoni. Hilo ndilo la kwanza, na sababu yake nyingine tutaieleza baadaye. Ipeleke nje, mahali penye kivuli na hewa, mbali na jiko na mtu avutaye sigara.

Ikung'ute tundu likiwa limetazama chini, mchanga utoke. Kisha tia mrija mwembamba wa mkebe katika tundu la ufunguo, upulize dawa ya kuondoa maji, ya jinsi ya WD-40, mpaka uone inatoka. Asiye na mkebe atumie mafuta ya taa kidogo. Ingiza ufunguo, uutoe, uufute kwa kitambaa cheupe. Mara ya kwanza utatoka mweusi au wa kijani. Rudia. Watu wengi huchoka hapa wakaacha mara ya tatu, na hapa ndipo kazi ilipo. Endelea mpaka ufunguo utoke safi, hata ikiwa ni mara kumi na tano. Usiulazimishe kugeuka kwa koleo. Ufunguo ukikatikia ndani, kazi ya nusu saa imekuwa kazi ya fundi.

Upinde uliobana kwa kutu pulizia kwenye matundu yake mawili, gonga pole pole kwa kipande cha ubao, uache saa kadhaa au usiku kucha, kisha ujaribu tena. Kutu haipenyeki kwa haraka, na nyundo ya chuma itapinda usichotaka kipinde. Wala msitie moto. Wako mafundi wa mitaani wenye desturi ya kuchoma kufuli iliyokwama. Kufuli iliyokwisha kupulizwa yaweza kushika moto usoni mwako, na PTFE ikiungua hutoa moshi wenye madhara kwa mapafu.

Ikishakuwa safi, itundike tundu likitazama chini ikauke. Saa moja ya jua la kawaida si mbaya, lakini usiku mmoja ndani ya nyumba ni bora. Mafuta mapya yakitiwa juu ya yale ya kuoshea ambayo hayajaruka, huchukuliwa nayo.

Sasa tikisa mkebe wa PTFE vizuri, kwani unga wake hutuama chini; asiyetikisa hupuliza maji matupu. Pulizia kwa muda mfupi, kama mtu anayesema neno moja, ndani ya tundu la ufunguo, kisha katika matundu ya upinde. Ingiza ufunguo, ugeuze huku na huku mara kumi, uufute. Ngoja dakika kumi ikauke. Haina haja ya kuoga. Kinachotiririka nje ni fedha yako inayomwagika.

Vile vitasa vya zamani vya ufunguo mkubwa, ambavyo bado vimo katika nyumba nyingi za mashamba, havina vijiti bali vina mabamba yanayonyanyuliwa. Navyo vyataka kitu chepesi hicho hicho ndani, na grisi kidogo sana kwenye ulimi.

USIPULIZE PENYE KARAFUU

Hili ndilo tungependa kila mwanachama alishike hata akisahau mengine yote. Thamani ya karafuu ni harufu na mafuta yake, na karafuu kavu hushika harufu ya kitu kilicho karibu nayo. Dawa hizi za kupuliza zina harufu kali, na ukungu wake huruka mbali kuliko mtu anavyodhani. Atakayesimama mlangoni mwa ghala akapulizia kitasa, upepo ukivuma kuelekea ndani, amenyunyizia magunia yake. Ndiyo maana tumesema kufuli itolewe, ifanyiwe kazi mbali. Kwa kitasa ambacho hakitoki, fanya kazi ghala likiwa tupu, kabla ya msimu. Ikilazimu katikati ya msimu, usipulize. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye ufunguo, uuingize, basi. Shikilia kitambaa chini ya tundu, na nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika gunia au jamvi. Mnunuzi akisikia harufu ya mafuta katika mzigo, hatauliza kama ilikuwa kwa ajili ya kufuli.

KUIKINGA NA KUIRUDIA

Kufuli ya nje isiyo na kifuniko ipatieni kifuniko. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, upana wa kiganja, kikipigiliwa misumari miwili juu ya tumbuu na kuachwa kining'inie mbele ya kufuli, huzuia mvua nyingi. Msiifunge kufuli pande zote kama kifurushi, kwani unyevu ulioingia utakosa pa kutokea. Kufuli nyingi zina tundu dogo chini, kando ya tundu la ufunguo. Hilo si kosa la kiwanda, ni mlango wa kutokea maji, na anayepaka mlango rangi asilizibe.

Kwa shamba la kawaida, kuosha na kutia mafuta mara tatu kwa mwaka kunatosha: mara moja kabla ya masika, mara moja masika yakishakwisha, na mara moja kabla ya kuanza kuchuma. Walio karibu kabisa na pwani, upepo unapowaletea matone ya bahari, wafanye kila miezi miwili. Kufuli isiyotumika ifunguliwe na kufungwa mara moja kwa mwezi hata kama ghala ni tupu. Inayokaa miezi bila kuguswa ndiyo inayokwama. Na ufunguo wa akiba nao ujaribiwe siku hiyo hiyo, kwani wengi wameweka akiba ambayo haijapata kufungua kitu.

Juu ya gharama, mwanachama mwenye kufuli mbili au tatu hana haja ya mkebe mzima peke yake. Kila kufuli yataka kidogo mno, na mkebe mmoja wa kuoshea na mmoja wa PTFE unaweza kuhudumia wanachama wengi wa shehia moja kwa mwaka mzima. Twashauri matawi yanunue kwa ushirika, mikebe ikae kwa mtu mmoja mwangalifu, na ipangwe siku moja kabla ya msimu kila mtu alete kufuli na funguo zake. Kufuli ikiwa imeoshwa na kutiwa mafuta sawasawa na bado yakwama, vijiti vyake vimelika au springi imekatika. Hiyo nunua nyingine, tena mapema, si siku ya kwanza ya kuchuma. Chagua ya mwili wa shaba kuliko ya chuma kilichopakwa rangi, kwani rangi ikishakwaruzika kutu huanzia hapo.

Mikebe yenyewe iwekwe kivulini, mbali na jua kali, wala isiachwe juu ya dirisha la gari. Mingi imeandikwa isipate joto la zaidi ya digri 50. Hewa inayoisukuma dawa ndani yake aghlabu ni ya jinsi inayoshika moto. Mkebe ukiisha usitupwe katika moto wa takataka wala kutobolewa na watoto, kwani hata unapoonekana mtupu hubaki na hewa ya kutosha kuupasua.